Aliyeokoka na Nyimbo Zake za Jana

Leo tumzungumzie mwimbaji aliyeokoka. Namkusudia yule ambaye kabla ya kuokoka alikuwa tayari na jina: aliimba mapenzi, aliimba harusi, aliimba misiba na shida za wakulima, watu wakamjua. Siku anapompokea Bwana, makanisa yetu mengi humpa sharti ambalo halimo katika ubatizo wenyewe. Huambiwa kwamba nyimbo zake zote za jana ni za dunia, hivyo azitupe, na akisimama kutoa ushuhuda azionee haya. Naamini sharti hilo ni kosa. Limeliumiza kanisa na taifa kuliko lilivyomsaidia mwimbaji, na ushahidi tunao katika maisha ya waimbaji wenyewe.

Tuanze na marehemu mzee Joseph Kamaru wa Kenya. Alizaliwa 1939 huko Kangema, Murang'a, akaingia Nairobi 1957 kutafuta kazi, akashika gitaa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa sauti kubwa kabisa katika muziki wa Kikuyu. Muziki wake ulikuwa wa mashambani kwa asili. Aliuchota kwenye mwomboko, dansi ya hatua za kupimwa, ambamo kodiani huvuta wimbo na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kipande kingine cha chuma, hushika mapigo. Juu yake akaweka gitaa, methali na lugha ya wazee. Mwaka 1969 alitoa "Ndari ya Mwarimu", wimbo juu ya mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake kimapenzi. Walimu walikasirika hadi wakatishia kugoma. Mbunge J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru alimwimba, wakati ambapo watu wengi wenye majina waliona heri kunyamaza. Aliwahi kuwa karibu na wakubwa pia, hata akasafiri na msafara wa Rais Moi kwenda Japani na kuitungia wimbo safari hiyo. Lakini enzi ya chama kimoja ilipoelekea ukingoni alirekodi "Mahoya ma Bururi", maombi kwa ajili ya nchi, na urafiki na serikali ukavunjika. Kisha mwaka 1993 akatangaza kwamba ameokoka, akaziacha nyimbo za dunia, akawa mwimbaji wa injili.

Hebu tuzitazame tena nyimbo alizoziacha. Mmoja unamkemea mwalimu anayemharibu mtoto aliyekabidhiwa na wazazi. Mwingine unalia damu ya mtu aliyeuawa bila haki. Mwingine, kwa jina lake kabisa, ni maombi ya nchi. Mhubiri gani asiyeyatamka mambo hayo matatu mimbarini? Nabii Nathani alimwendea Daudi kwa neno la namna hiyohiyo, na tunalisoma kama Maandiko. Kweli, Kamaru alikuwa na nyimbo nyingine za utani wa watu wazima ambazo hazifai kuimbwa mbele ya watoto, wala sidai vinginevyo. Lakini anayezitupa zote kwa pamoja hakuzipima. Ameangalia tu zilipopigwa, kwamba zilipigwa kwenye baa na kumbi za dansi, akatoa hukumu. Matokeo yake tunayajua. Nyimbo zake za injili hazikupata kamwe nguvu ya zile za awali, na alipofariki Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 79, watu waliomlilia walimlilia kwa nyimbo za kale. Aliyejitwika kazi ya kuzitoa upya santuri hizo mtandaoni ni mjukuu wake, msanii wa muziki wa kielektroniki anayejulikana kama KMRU. Tushukuru kwamba mjukuu huyo alikuwepo, kwa sababu kanisa halikuiona kazi hiyo kuwa yake.

Mtu atasema: hiyo ndiyo gharama ya wokovu, na kila penye wokovu kuna gharama hiyo. Hapo ndipo inapofaa tutoke nje ya kanda yetu kidogo, kwa kuwa upo muziki wa wakulima ambao gharama hiyo haukuitoza. Ni muziki wa kantri wa Marekani, ambao wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki waliuzoea redioni kupitia Jim Reeves. Reeves alizaliwa 1923 Texas, akawa mchezaji wa besiboli, akawa mtangazaji wa redio, na mwaka 1957, aliporekodi "Four Walls", aliamua kuimba kwa sauti ya chini na midomo karibu na maikrofoni, ingawa kampuni yake ya santuri haikufurahia. Ulikuwa wimbo wa mapenzi. Kwa sauti ileile, bila kuibadilisha hata chembe, alirekodi 1962 albamu nzima ya nyimbo za dini, "We Thank Thee", na mwaka uliofuata albamu ya Krismasi ambayo mpaka leo husikika kila Desemba. Alikufa katika ajali ya ndege Julai 1964, hajatimiza miaka 41. Sijui kanisa lililomtaka aukane wimbo wa mapenzi kwanza ndipo aruhusiwe kumwimbia Mungu. Kabla yake Hank Williams aliimba kilio cha ndoa iliyovunjika, akaimba pia "I Saw the Light", wimbo wa wokovu ambao makanisa ya huko huuimba hadi leo. Nisifiche upande wa pili: hata Williams ilimbidi atumie jina jingine, Luke the Drifter, aliporekodi masimulizi ya mawaidha, kwa sababu wenye mashine za kupigia santuri kwenye baa wasingependa mawaidha yawaangukie wateja bila taarifa. Ukuta ulikuwepo basi. Ila ulikuwa ukuta wa wafanyabiashara, wala haukujengwa madhabahuni.

Kisa cha Thomas Dorsey kinafundisha zaidi. Huyu alikuwa mpiga piano wa bluzi, akijulikana kama Georgia Tom, na alikuwa na nyimbo za baa zenye maneno mazito. Mwaka 1932 mkewe alifariki akijifungua, mtoto naye akafa, na katika msiba huo akatunga "Take My Hand, Precious Lord". Makanisa mengi ya weusi mwanzoni yaliukataa muziki wake, yakisema unanuka bluzi. Yalisema kweli, ulinuka bluzi kwelikweli, kwa kuwa Dorsey hakujua kulia kwa muziki mwingine. Kilio alichojifunza kule ndicho alichomletea Mungu. Leo anaitwa baba wa muziki wa injili. Wimbo wake mwingine, "Peace in the Valley", aliutunga kwa ajili ya Mahalia Jackson, na mwaka 1951 mwimbaji mzungu wa kantri, Red Foley, aliurekodi ukauzwa mno. Ulitoka kwa mtunzi wa bluzi, ukapita kanisani, ukafika kwa wakulima wa kizungu wa kusini ambao wakati ule wasingeketi benchi moja na mtunzi. Kama Dorsey angeitii amri ya kutupa kila alichojifunza kwenye baa, injili ya Marekani ingekuwa maskini.

Pingamizi kubwa, na linalostahili heshima, ni la Maandiko. Hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili, na divai mpya haitiwi katika viriba vikuukuu. Nakubali. Lakini tuangalie jinsi kanisa lenyewe lilivyopata nyimbo zake. Zaburi ya 45 ni wimbo wa harusi ya mfalme, na umo katikati ya zaburi za toba na sifa bila kuonewa haya. Tuni ya ule wimbo wa Ijumaa Kuu unaosimulia kichwa cha Yesu kilichojaa majeraha, ambayo Bach aliitumia tena na tena, ilichapishwa 1601 na Hans Leo Hassler ikiwa ya wimbo wa kijana aliyevurugwa akili na msichana. Na ule wimbo wa kuustaajabia ukuu wa Mungu, ambao hakuna kwaya ya Kiswahili isiyoujua? Maneno yake yaliandikwa Uswidi mwaka 1885 na Carl Boberg, yakavikwa tuni ya kienyeji ya wakulima wa huko. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walipofika Burundi miaka ya 1930 walitoka katika kanisa ambalo tuni za wakulima wake zilikuwa zimeshabatizwa. Kwa hiyo mkulima wa Itaba, hapa Gitega, anayefumba macho na kuimba wimbo huo kwa machozi anaimba tuni ya mkulima mwenzake wa Uswidi, na anafanya vema kabisa. Nauliza tu kwa nini tuni ya babu yake mwenyewe iitwe ya dunia.

Hapa tumefika nyumbani, na nyumbani ndiko jambo hili linakoniuma. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walijenga misheni ya Muyaga 1898 na ya Mugera 1899, hii ya pili hapa kwetu Gitega. Walikuta watu ambao jina la Imana, yaani Mungu, lilikuwa limeshaingia katika majina ya watoto wao, na ambao maisha yao yote yalikuwa na wimbo. Walikuta imvyino za kucheza na kupiga makofi, sifa za ng'ombe, na kwishongora ya wanaume. Wanawake walikuwa na akazehe, ile salamu ya kuimbwa ambamo wawili hupokezana, mmoja akivuta wimbo na mwingine akiujibu kwa silabi za harakaharaka hadi huwezi kusema sauti ya nani imeishia wapi. Umuganuro, sherehe ya mtama ambayo mfalme aliiongoza kwa ngoma, ilikoma kuadhimishwa mwaka 1929 baada ya miaka mingi ya kupingwa na mapadri, na tangu hapo fundisho likashika mizizi kwamba chombo cha kwetu ni cha mizimu na kinanda cha harmonia ni cha Mungu. Roma yenyewe ililirekebisha fundisho hilo: waraka wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, wa Desemba 1963, uliagiza kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Ndiyo maana leo ngoma si mgeni kwenye misa. Lakini ngoma ni chombo kimoja. Vingine vingi vilibaki nje ya mlango, na katika makanisa ya kilokole hata ngoma hutazamwa kwa jicho la shaka.

Chukua inanga. Ni ubao mrefu uliochimbwa katikati, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe unaopitishwa kwenye meno ya ncha moja, ukarudi kwenye meno ya ncha ya pili, ukaenda tena, hadi unakuwa nyuzi kadhaa zilizolala sambamba. Mpigaji huketi, huiweka mbele yake, na kunong'ona. Hunong'ona kweli, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini, na Kirundi ni lugha ambayo neno likikosa kupanda na kushuka kwake hupoteza maana. Basi nyuzi ndizo zinazoipa minong'ono hiyo kupanda na kushuka. Mkono unaimba, mdomo unatamka, na sikio la msikilizaji linaviunganisha viwili vikawa sauti moja ya mtu anayeimba. Mtaalamu wa Marekani, Cornelia Fales, aliuandikia udanganyifu huo wa sikio utafiti mzima wa shahada ya udaktari. Joseph Torobeka, mmoja wa mafundi wake, alirekodiwa na Michel Vuylsteke mwaka 1967 kwa ajili ya santuri ya Ocora, "Musique du Burundi". Wapenzi wa muziki huko Ulaya bado wanaitafuta santuri hiyo, na mwimbaji Joni Mitchell aliweka ngoma za Burundi katika wimbo wake 1975. Mimi sijui sauti inayofaa sala ya faragha kuliko inanga ya kunong'ona. Hata hivyo mpiga inanga akiokoka Itaba leo, uwezekano mkubwa ni kwamba atapewa kinanda cha umeme chenye mdundo uliopangwa kiwandani, na inanga itabaki nyumbani ukutani.

Wako watakaosema kwamba nazungumzia urembo wa ibada wakati watu wana shida kubwa zaidi. Itaba inajua shida. Septemba 2002, wakati wa vita, raia zaidi ya 170 waliuawa na wanajeshi hapo. Jamii iliyozika hivyo inahitaji nyimbo za kuzikia, na nyimbo hizo haziagizwi kutoka nje. Tenzi za kutafsiriwa zinafariji juu ya mbingu, nami nazipenda. Lakini wimbo unaotaja kilima kwa jina, unaomtaja marehemu kwa ukoo wake na kuuliza alikosa nini, huo hutungwa na mwimbaji wa asili. Ndiye anayejua namna hiyo. Ukishamwambia kwamba nyimbo za aina hiyo ni za dunia, umelinyamazisha pia kanisa lisiweze kulia na watu wake.

Lipo pingamizi moja la mwisho, na linatoka kwa watu wanaowapenda waimbaji, nami sitalipuuza. Wanasema: ninyi mnaozungumza redioni hamkai na mwimbaji usiku. Nyimbo za zamani zinamrudisha kwenye baa, baa inamrudisha kwenye pombe, na pombe ilikuwa inamuua. Kumtenga na nyimbo ni kumwokoa maisha. Ni kweli kwamba wokovu umewatoa wanamuziki wengi kaburini, umewarudisha kwa wake na watoto wao, na mchungaji anayekesha na mtu wa namna hiyo anajua anachokifanya. Mtu huyo akisema mwenyewe, wimbo huu siuwezi tena, unanifungulia kidonda, aachwe, asilazimishwe na mashabiki. Ila kuna tofauti kati ya dawa ya mgonjwa mmoja na sheria ya kanisa zima. Tumekigeuza kiapo cha mtu aliyekuwa hatarini kuwa masharti ya kila mwenye gitaa, pamoja na bibi wa miaka sabini ambaye hajaonja pombe maishani, na ambaye anaambiwa akazehe yake haifai kwenye sherehe ya kipaimara ya mjukuu. Isitoshe, baa si mahali pekee penye majaribu. Injili nayo sasa ina soko lake, ina mialiko ya kulipwa na sifa za majukwaani, na mwimbaji anaweza kupotelea humo akiwa na Biblia mkononi.

Mbona wengine wameweza kumwimbia Mungu bila kukiacha cha kwao? Rose Muhando, mzaliwa wa Dumila, Morogoro, aliyelelewa katika Uislamu na kuinukia katika uimbaji wa kwaya mjini Dodoma, hakuimba injili kwa miguu iliyofungwa. Aliicheza kwa nguvu za ngoma, kiuno na mabega vikifanya kazi, na wengine walimsema kwamba anachezea madhabahu. Waumini wa Kenya, Kongo na Burundi walimwelewa mara moja, hata kampuni ya Sony ikamfuata kwa mkataba 2011. Kilichomfikisha huko ni kwamba alimwimbia Mungu kwa mwili na mdundo aliozaliwa nao.

Ninachowaomba wachungaji, makatekista na walimu wa kwaya wa Gitega na Muyinga ni kitu kidogo. Mwimbaji wa asili akiokoka, msianze kwa kumuuliza atakiacha nini. Kaeni naye, azipitie nyimbo zake moja moja: huu wa kumtukana jirani auache, huu wa mapenzi ya ndoa aupeleke kwenye harusi za waumini, huu wa kuwaonya wakubwa auimbe hadharani, maana ni unabii, na huu wenye tuni nzuri na maneno matupu autungie maneno mapya. Mpeni mpiga inanga nafasi wakati wa sala za kimya, badala ya mashine. Wanawake wazee na waalikwe kuimba akazehe kwenye sherehe za parokia, wasichana wakiwa karibu wasikie inavyopokezana, kwa kuwa hakuna kitabu cha noti kitakachowafundisha. Na ninyi mliookoka zamani mkazificha kanda zenu chini ya kitanda, zileteni kwenye kituo cha redio kilicho karibu nanyi zinakiliwe kabla ya unyevu kuzila, kila moja ikiwa na jina la mtunzi, mwaka, na kilima alikotoka. Kama kuna wimbo msiotaka upigwe hewani, semeni, na uwekwe kando kwa wanaotaka kujifunza.